Mkanda wa Vizibo

Mwanangu Naemi,

Salamu sikuandikii, maana asubuhi tumeamkiana na uji tumekunywa kutoka sufuria moja. Saa hizi uko Vuga kumuaga bibi yako, nami namjua: kwanza atakulisha makande, kisha atakulilia, kisha atakulisha tena, kwa hiyo sikutegemei kabla ya jua kuzama. Baba yako ameshuka barabarani kuulizia gari la kesho la Mombo. Nimefukuza kuku, nimefunga mlango, na nimechukua kalamu yako bila ruhusa. Barua hii nitaitia ndani ya sanduku lako, chini kabisa, uikute ukishafika chuo cha ualimu, Tanga. Ningekuambia kwa mdomo, lakini nakujua na najijua. Wewe ungecheka, na mimi ningegeuza maneno.

Maagizo usiyatafute hapa. Baba yako amekuandikia kurasa mbili na kila agizo amelipa namba. La saba linasema ujikinge na baridi, na la kumi na mbili linasema hivyo hivyo, nawe unakwenda Tanga, ambako watu wanalala na madirisha wazi. Yasome kwa heshima, maana aliyaandika huku akipenga kamasi, akisema ni moshi.

Mimi ninalo jambo moja tu. Alhamisi iliyopita ulipokuwa unatafuta shuka katika sanduku langu, ulitoa ule mkanda wa kaniki uliotungwa vizibo vya soda, ukautikisa, ukaniuliza ni kitu gani. Nikakujibu bila hata kukohoa kwamba ni cha kufukuzia ndege shambani. Ukautazama, ukanitazama, ukauliza ni ndege gani hao wanaofukuzwa kutoka ndani ya sanduku la nguo za kanisani. Nikakutuma kuni. Mwanangu, nilikudanganya, na haikuwa mara yangu ya kwanza kusema uongo juu ya mkanda ule. Uongo ule wa kwanza ndio unaonifanya niandike leo.

Wewe ulikuwa na miaka saba. Shamba la kijiji lilikuwa jipya, na sisi akina mama tulikuwa tunalima huko siku tatu kila wiki, asubuhi, kabla ya kurudi kwenye mashamba yetu. Unalijua lile shamba. Ni mteremko ambao ukiangusha jembe unaweza kwenda kulitafuta Mombo. Siku moja niliinama kuchimba tuta, na nilipotaka kuinuka mgongo ukakataa. Nilirudi nyumbani nimeinama vile vile, natazama vidole vyangu. Njia nzima watu niliwatambua kwa miguu yao. Nilimpa shikamoo binti wa mdogo wangu kwa sababu alikuwa amevaa viatu vya mama yake, naye, mtoto asiye na haya, akaitikia marahaba.

Nikapakwa majani, nikakandwa kwa mawe ya moto, nikapewa vidonge vyeupe zahanati na kuambiwa nipumzike mwezi mmoja. Nilicheka mpaka nikaumia zaidi. Mwezi mmoja, na nyumba ina watoto wanne, ng'ombe mmoja na baba yako, mwalimu wa kwaya.

Aliyenisaidia ni Bi Mwanaidi. Alikuwa mke wa bwana shamba aliyeletwa kutufundisha kuchimba makinga maji, wote wawili watu wa Tanga mjini. Nadhani humkumbuki, ingawa alikupa kashata nyingi kuliko ulizostahili. Alikuwa mwanamke mnene, mweupe wa moyo, na baridi ya kwetu ilimwonea hasa. Alivaa sweta mbili, na juu yake koti la mvua la mumewe, na bado alikuwa akiuliza kama huku juu jua huwa linakuja au watu hulifuata wenyewe chini. Alijitahidi kutusalimia kwa Kishambaa, akatupa salamu ya jioni saa mbili asubuhi, nasi tukamwacha aendelee kwa sababu ilitufurahisha.

Siku aliyoniona nikipita nimejikunja, alinisimamisha, akanizunguka mara mbili kama mtu anayenunua mbuzi. Akasema, "Mama Naemi, mgongo wako hauna kosa. Kiuno ndicho kimelala, na mgongo unafanya kazi ya watu wawili. Njoo Jumatano tukiamshe."

Jumatano ilikuwa siku ya kisomo. Bi Mwanaidi alikuwa amesoma mpaka darasa la nane, kwa hiyo kijiji kilimpa kazi ya kutufundisha kusoma na kuandika, alasiri, ndani ya ghala la mahindi. Mimi nilijua kusoma tangu utotoni, lakini nikaenda kama msaidizi. Tulikuwa wanawake kumi na wanne. Tuliandika irabu na namba kwa nusu saa, kwa utaratibu, tukikohoa vumbi la mahindi. Kisha Bi Mwanaidi alifunga mlango, akavua koti la mvua, akavua sweta ya kwanza, akavua na ya pili, akajifunga kanga kiunoni, na mtu akaanza kupiga debe.

Naemi, wewe umeona ngoma za kwetu, mambo ya mabega na miguu. Hii ilikuwa chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani, ambayo kazi yote inafanywa na kiuno na tumbo. Bi Mwanaidi alikuwa na mwili wa kujaza mlango, lakini alipoanza, kiuno chake kilizunguka peke yake huku kichwani amejitwika sahani ya maji, na maji hayatingishiki. Mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti ya chini.

Kisha akatusimamisha. Miguu tuikanyage chini yote, magoti yalegee, mabega yasiseme neno. "Mabega yako kanisani," alikuwa akisema, "kiuno ndicho kimekwenda sokoni." Sisi tulikuwa wanawake wa jembe na kuni. Viuno vyetu tulivijua kwa kubebea watoto tu. Siku ya kwanza nilizungusha kila kitu isipokuwa kiuno: nilizungusha macho, nikazungusha mikono, ulimi ukanitoka nje. Bi Marta, mke wa Mzee Elisa mtunza funguo za kanisa, alizunguka mwili mzima mpaka akatuangukia kwenye magunia, na tukashindwa kumwinua kwa kucheka.

Bi Mwanaidi hakukata tamaa. Kwa kuwa tulikuwa tunajifunza namba, akatufundisha kuziandika kwa kiuno. Tulianza na sifuri, wiki mbili nzima, kushoto kwenda kulia na kulia kwenda kushoto. Kisha tukaenda kwenye nane, ambayo ni ngumu, maana inakata katikati na kurudi. Kabla ya hapo alikuwa ameokota vizibo vya soda huko Mombo, akavitoboa kwa msumari na kuvitunga kwenye kipande cha kaniki, hamsini na kitu, ili kiuno kivivu kisikike. Mkanda ulikuwa mmoja, na kila wiki mmoja wetu alikwenda nao nyumbani kufanya mazoezi.

Mwezi wa pili wa mazoezi mgongo wangu ulinyooka. Nililima tuta zima bila kushika kiuno. Lakini hilo si lote, na ndilo ninalotaka ulisikie. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na nilikuwa sijawahi kufanya chochote na mwili wangu ambacho hakikuwa kazi. Nimeubebesha, nimeuinamisha, nimeuzalisha. Ndani ya lile ghala ndipo nilipojua kwamba mwili unaweza kucheka. Nilitoka pale nimelowa jasho, uso unawaka, na njia ya kurudi nyumbani sikuiona kuwa mlima. Hata baba yako aliniambia kwenye mazoezi ya kwaya kwamba siku hizi sauti yangu inatoka chini zaidi, akadhani ni ule wimbo mpya.

Kulikuwa na siku alikuja mkaguzi wa elimu ya watu wazima, kijana mwenye miwani na faili. Aliomba mmoja wetu aandike nane ubaoni. Akainuka Bi Marta, ambaye kwa kweli alikuwa hajawahi kushika chaki vizuri. Aliandika polepole, na kila mkono ulipopanda kiuno kilipanda nao, ulipokata katikati na chenyewe kikakata, na ile nane ikawa nzuri kuliko zote tulizowahi kuona. Yule kijana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tulisikia baadaye kwamba alituandikia taarifa njema, kwamba wanawake wa kijiji hiki wanaandika kwa bidii ya mwili mzima.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili. Nimeinuka mara mbili kwenda kutazama kuku ambao hawahitaji kutazamwa, kwa hiyo najua nimefika mahali penyewe.

Ilikuwa zamu yangu ya mkanda. Kila asubuhi nilikuwa nikifanya mazoezi jikoni, uji ukichemka, kabla hamjaamka. Ilikuwa mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni na maji ya kunawa yanauma. Baba yako akaita kutoka nje kwamba tumechelewa na kwaya ndiyo inayofungua ibada. Nikavaa gauni la kanisani juu ya nilichokuwa nacho, nikavaa sweta, nikajifunga kanga mbili na kuzikaza, nikatoka mbio. Mkanda nikausahau kiunoni. Utaniuliza inawezekanaje. Vaa vitu vitano mwezi wa saba huku kwetu halafu uniambie kama utajua cha ndani ni kipi.

Njiani mkanda haukulia, na sababu ni wewe. Ulikuwa unateleza kwenye tope, ukawa umening'inia kwenye kanga zangu kwa mikono miwili mpaka zikabana. Tulipofika ukaniachia, ukaenda kukaa na watoto wenzako.

Nilipopiga hatua ya kwanza kuelekea mbele, kitu kikalia. Mzee Elisa, aliyekaa benchi la wazee, akapapasa mfuko wake wa funguo. Nikapiga ya pili, akapapasa tena. Mpaka nafika kwenye kwaya, mzee wa watu alikuwa amezitoa funguo zote, anazihesabu mapajani. Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilisimama nimekaza mwili wote, nikaimba ubeti wa kwanza bila kupumua. Ubeti wa pili magoti yakalegea yenyewe, kwa mazoea. Ubeti wa tatu fundo likafunguka.

Mkanda ulianguka kwenye sakafu ya saruji, hatua mbili kutoka madhabahuni. Hamsini na kitu, Naemi. Baba yako alishusha mkono wake, na kwaya nzima ikanyamaza katikati ya neno. Kizibo kimoja kilichochomoka kilibiringika taratibu kikipita mbele ya wazee wote mmoja mmoja, na kila mmoja akakisindikiza kwa macho. Nikauokota mkanda, nikaushika kama mtu aliyeokota wa mwenzake, na ukweli ni kwamba nilitazama huku na huku kana kwamba namtafuta mwenyewe.

Jumanne nikaitwa na baraza la wazee. Nataka uelewe kwamba hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyenifokea. Mkanda, waliouchukua baada ya ibada, ulikuwa mezani, baba yako amekaa pembeni kama mwalimu wa kwaya, na mchungaji akauliza kwa upole kabisa, "Mama, hiki ni cha nini?"

Ningeweza kusema. Ningeweza kusema ni cha mazoezi, kwamba tunacheza kila Jumatano ndani ya ghala na migongo yetu imepona na tunafurahi. Labda wangekunja uso. Labda wangenisimamisha kwaya miezi mitatu. Niliangalia nyuso zile, nikamwona Mzee Elisa ambaye mkewe alikuwa ametuangukia kwenye magunia, nikaona namna watakavyonitazama Jumapili, nikasema, "Ni dawa ya mgongo. Yule mama wa Tanga ndiye aliyenivika. Mimi sikujua ni kitu gani."

La kwanza lilikuwa kweli. La pili lilikuwa nusu ya kweli. Kwa la tatu nilimsukumia mtu mwingine aibu yangu, nikatoka mikono safi.

Neno hilo lilifanya kazi ambayo hata mimi sikulituma. Mama wa Tanga, amevika mtu kitu kiunoni, mwenyewe hajui ni nini: kabla ya mwisho wa wiki kijiji kizima kilikuwa kinasema ni uganga wa pwani. Wanawake wakakatazwa kwenda kwake. Kisomo akapewa mwalimu mwingine, mwanamume, ambaye alitufundisha namba ya nane kwa chaki tu. Kati ya wale wenzangu kumi na watatu hakuna aliyefungua mdomo, lakini siwezi kuwalaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyeulizwa.

Siku chache baadaye nilikutana naye bombani. Tangu tuanze kucheza alikuwa ananiita shoga, kama wanawake wa pwani wanavyomwita rafiki. Siku hiyo alijaza ndoo yake, akaifunika kwa jani, akasema, "Hujambo, Mama Naemi," kwa adabu zote, akaondoka. Nilimwitikia vizuri. Kisha nikakaa pale mpaka ndoo yangu ikafurika na watu wa nyuma wakaanza kunung'unika.

Mwaka haukuisha, mumewe akahamishwa. Siku ya lori lao nilijua saa na nilijua njia. Nilikuwa shambani kwetu, pale pembeni ya barabara, na niliposikia lori linakuja nikajilaza katikati ya kabichi. Naemi, kabichi haimfichi mtu mzima. Mgongo wangu, ule ule alioutibu, ulikuwa juu kabisa unaonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Lori lilipita polepole kwa sababu ya kona. Nikainua kichwa mapema kuliko ilivyotakiwa, na yeye amekaa juu ya magodoro, amevaa lile koti la mvua, ananitazama. Hakupunga mkono, na mimi sikupunga. Hilo ndilo kosa ambalo nikilikumbuka usiku linanigeuza upande wa pili, mpaka leo.

Unajiuliza mkanda ulirudije kwangu. Wazee waliufungia katika kabati la kanisa, na funguo zikabaki kwa Mzee Elisa. Ikapita miaka mitano hivi. Siku moja Bi Marta akanijia na kikapu cha peasi, akaketi, akazungumza habari za mvua, na alipoondoka nikakuta chini ya peasi kuna mkanda. Nikamkimbilia njiani. Akaniambia bila kugeuka kwamba magoti yake sasa yamechoka na ni zamu yangu. Miaka mitano, mwanangu. Mumewe alikuwa akilala, yeye anachukua funguo. Tulitazamana pale njiani, wanawake wawili waongo, tukacheka mpaka tukashikana. Halafu akalia kidogo, na mimi pia. Hakuna aliyetaja jina la Bi Mwanaidi, na hakukuwa na haja.

Na sasa nikufunulie la baba yako, naye akijua nitalala jikoni. Unakumbuka mwaka juzi alipoinua kinanda cha kanisa peke yake, akalala siku nne kama ubao? Siku ya tano nilifunga mlango wa chumba, nikamsimamisha, nikamfunga mkanda. Nilijiandaa kumweleza. Akasema, "Najua kazi yake. Nilijua tangu wiki ya pili, nilipokuwa napita nyuma ya ghala. Debe lenu lilikuwa linakwenda mbio mno."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema siku ya baraza.

Akasema, "Nilikuwa nangoja useme wewe, ili nikuunge mkono." Akaukaza mkanda kiunoni. "Na wewe uliposema ulichosema, nilishukuru. Nisikufiche, mama watoto. Nilishukuru."

Kwa hiyo tulikuwa wawili. Tangu hapo kila alfajiri mwalimu wa kwaya anafanya mazoezi yake. Zile asubuhi ulizoniambia kwamba baba anahangaika na kuku nyuma ya nyumba, hakuwa na kuku wowote. Sifuri anaiweza. Nane anaikosea katikati, lakini hesabu ya mapigo yake haina mfano.

Nimeyaandika haya yote na bado sijui nikupe neno gani la kwenda nalo. Nilidhani nikifika hapa litakuja. Nakujua unajali sana watu watakavyokuona, na jambo hilo umelitoa kwangu. Huko chuoni ipo siku utaulizwa kitu chepesi mbele ya watu, na jibu la kukuokoa litakuwa limeshafika mdomoni kabla ya la kweli. Mimi sikumwogopa Mungu siku ile. Niliogopa nyuso tano, na wenye nyuso hizo watatu wamekwisha kufa na wawili hawakumbuki hata kama kulikuwa na mkanda. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilimtoa rafiki kwa ajili ya watu waliosahau.

Na cheza, Naemi. Mwalimu anasimama siku nzima, mgongo wake utafanya kazi ya watu wawili. Usingoje ufike miaka thelathini na moja. Tafuta wenzako, fungeni mlango kama mnaona haya, au msifunge.

Sasa nina kazi ya kukutuma. Mama anayenunua kabichi zetu kwenda kuziuza Muheza ameniambia kwamba Bi Mwanaidi yuko hai, anakaa Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba ya mumewe marehemu, na kila alasiri wanawake wa mtaa wanakwenda uani kwake kufanya mazoezi. Anasema ukiuliza nyumba ya bibi wa mazoezi hata mtoto atakupeleka. Anasema pia kwamba alipotajiwa Lushoto yule bibi aliuliza kama baridi bado ipo, halafu akauliza kama kuna mtu anamfahamu Mama Naemi. Hakusema zaidi.

Mkanda nimekufungia ndani ya gauni lako la buluu. Nimeongeza uzi mpya na nimerudisha kile kizibo kilichopita mbele ya wazee, maana nilikiokota na nimekitunza miaka yote hii kwenye kopo la chumvi. Baba yako aliniona nikiufunga. Akauliza, "Na mgongo wangu?" Nimemwambia kuna vizibo tele huko Mombo, na kesho akikusindikiza aende na mfuko.

Jumamosi ya kwanza utakayopata ruhusa, nenda. Mpe shikamoo yake kikamilifu, upige goti kama ulivyofunzwa, usubiri akukaribishe. Mpe mkanda kwa mikono miwili. Usimweleze habari za baraza wala za kabichi, za kabichi anazijua. Usiniombee msamaha pia, huo nitakuja kuuomba mwenyewe tukimaliza kuvuna viazi, kama atakubali nifike. Mwambie neno moja tu, na uliseme kwa sauti, hata kama uani kumejaa watu. Hasa kama kumejaa watu.

Mwambie mama anasema alijua ni kitu gani.

Nasikia kuku wanapiga kelele, nadhani unapanda njia. Nakunja karatasi hii sasa hivi na uso nitakaokupokea nao utadhani nilikuwa nachambua maharage.

Ni mimi mama yako, ambaye mgongo wake, shukrani kwa mtu, umenyooka.